Mistari Mitatu Chini ya Sweta

Mzee mwenzangu wa kanisa alinifuata Jumapili moja baada ya ibada, nikiwa mlangoni nafunga vifungo vya koti, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mjukuu wangu amechora tatuu. Nilimwuliza amechora wapi. Akasema mkononi. Nikamwuliza amechora nini. Akasita, kisha akasema nyoka.

"Umemwona huyo nyoka?"

"Sikumwona mimi. Ila aliyeniambia si mtu wa uongo."

"Naye alimwona?"

"Naye aliambiwa, mzee. Lakini mambo kama haya hayazuki hivi hivi."

Nilimwambia kwamba mpaka hapo hakuna mtu hata mmoja aliyeona kitu, na kwamba baraza la wazee lisingeweza kukaa kumjadili nyoka aliyesikika tu. Alicheka kidogo, bila furaha, akaenda zake. Nilijua maneno yake yalikokuwa yakielekea. Binti yule, wa miaka kumi na saba, alikuwa anaimba katika kwaya ya vijana, na usharika wetu bado una utaratibu wa marudi. Muumini aliyekosa hutengwa na Meza ya Bwana, huketi benchi la nyuma kwa muda aliopangiwa, na siku ya kurudishwa husimama mbele ya washarika wote huku kosa lake likisomwa. Nimewaona vijana kadhaa waliowekwa kwenye benchi lile. Wengi hawakurudi mbele. Walitoka kwa mlango uliokuwa karibu nao na hatukuwaona tena. Sikutaka mjukuu wangu awe mmoja wao. Nilikuwa pia na sababu nyingine ya kuliogopa benchi lile, ambayo sikuwa nimemwambia mtu kwa zaidi ya miaka arobaini.

Binti huyo ni mtoto wa binti yangu, ambaye ni muuguzi na anaishi Ipogolo, Iringa. Mjukuu alikuja kwangu Soweto, hapa Mbeya, kumsaidia bibi yake alipougua, na bibi alipofariki akabaki nami ili amalizie kidato cha nne. Wakati ninaousimulia alikuwa amekwisha kufanya mtihani na anasubiri kupangiwa shule ya kidato cha tano. Mimi si mtu wa mizaha. Nilifundisha, kisha nikawa mkaguzi wa shule, na kazi hizo hazikunifunza kuchekacheka. Yeye hata hivyo huniita mume wangu, kama wajukuu wa kike wanavyowatania babu zao, hasa anapotaka jambo au anapojitetea.

Nilimwuliza siku ile ile, mezani.

"Nyoka?" alisema. "Mume wangu, mjusi tu ananikimbiza, ndiyo nijichoree nyoka?"

Akakunja mikono ya blauzi mpaka viwikoni. Ngozi ilikuwa safi. Ningeweza kuishia hapo na kwenda kumjibu mzee mwenzangu. Lakini yeye hakushusha mikono. Alisema ni kweli aliingia kwa fundi wa tatuu kule Mwanjelwa, na pengine hapo ndipo alipoonekana. Hakuchora, lakini anataka kuchora, na asingenidanganya. Akanionyesha kwenye simu yake picha ya alama anayoitaka.

Ilikuwa picha ya mkono wa marehemu mke wangu. Aliipiga wakati wa ugonjwa, alipokuwa akimwogesha na kumpaka mafuta. Juu kidogo ya kifundo, upande wa ndani, kulikuwa na mistari mitatu mifupi, myeusi, iliyovimba kidogo kama uzi uliopita chini ya ngozi. Mkono wa pili ulikuwa na mitatu kama hiyo, ingawa picha haikuionyesha.

Nilimrudishia simu nikaendelea kula.

Mke wangu alivaa sweta la mikono mirefu maisha yake yote. Kwa baridi ya Mbeya hakuna aliyewahi kuuliza sababu. Nusu ya wanawake wa mtaa wetu huvaa hivyo hivyo. Mjukuu aliziona chale zile kwa mara ya kwanza pale tu bibi aliposhindwa kujiogesha. Alimwuliza ni za nini, naye mke wangu akamjibu kwamba ni za utotoni, watoto wa zamani walichanjwa. Mimi nilikuwa sebuleni na mlango ulikuwa wazi. Nilisikia swali na nilisikia jibu, na niliendelea kusoma gazeti.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Mwanjelwa kumwona fundi mwenyewe, kwa sababu sikutaka kumshauri mtoto kuhusu chumba ambacho sijakiona. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, nadhifu, mwenye msalaba uliochorwa kwenye mkono wa kulia. Alinipa shikamoo na kiti. Alinionyesha sindano mpya zikiwa ndani ya pakiti zake na wino ukiwa katika vichupa vidogo. Nilimwuliza kuhusu msalaba wake. Alisema ni ushuhuda, mzee, mimi nimeokoka. Nilimwuliza kama ushuhuda wa mdomo ulikuwa umemshinda. Alicheka sana kwa hilo, akasema mdomo wake watu wameuzoea. Kuhusu mjukuu wangu alisema alimkatalia. Asiyetimiza miaka kumi na minane hamchori mpaka aje na mzazi.

"Na wewe mzee ndiye mzazi, au umekuja kunikagua?"

Nilimwambia nimekuja kukagua.

"Basi niandikie vizuri," alisema.

Nilirudi nyumbani nikiwa na heshima kwake ambayo sikuitarajia, na nikiwa na mashaka zaidi kuliko nilivyoondoka. Kumkemea fundi mchafu kungekuwa rahisi.

Jumatano nilikaa na mjukuu sebuleni. Kwanza niliondoa yale ambayo watu huwatishia vijana. Kanisani kulikuwa na waliosema kwamba mwenye tatuu hawezi kumtolea mtu damu maisha yake yote; nilikuwa nimempigia simu mama yake muuguzi, akaniambia si kweli, kwamba mtu husubiri kipindi fulani kisha hupimwa kama wengine. Kulikuwa na waliosema kwamba tatuu ni ile chapa ya mnyama inayotajwa katika Ufunuo. Hilo nalo nililiondoa. Kumtisha mtoto kwa jambo usilolijua ni kumfundisha kwamba hata yale unayoyajua ni ya kutunga.

Kisha nikamweleza kilichopo. Torati inakataza mambo mawili kwa pamoja, kuchanja mwili kwa ajili ya wafu na kuandika alama mwilini. Wapo wachungaji waaminifu wanaosema katazo hilo lilihusu ibada za mataifa ya jirani na halimfungi Mkristo wa leo, na wapo wengine, waaminifu vile vile, wanaosema linamfunga. Mtume alifundisha kwamba mwili ni hekalu, na watu hupenda kuitumia hoja hiyo, ingawa pale mtume alikuwa akizungumzia uasherati, si wino. Mwisho nikampa maoni yangu kama maoni. Mwili tumepewa, hatukujitengenezea, na si busara mtu wa miaka kumi na saba kuandika kitu ambacho mtu wa miaka hamsini atalazimika kukisoma kila siku.

Alisikiliza vizuri, kuliko walimu wengi niliopata kuwakagua.

"Kwa hiyo mimi nimo kabisa kwenye hiyo aya, babu. Nataka kuchora, na nataka kuchora kwa ajili ya marehemu."

"Umo kabisa."

"Na bibi je? Yeye hakuwemo?"

"Bibi yako alichanjwa utotoni, kabla hajaujua ubatizo."

Nilisema hivyo. Mimi niliyemkatalia mzee mwenzangu nyoka wake kwa sababu hakumwona, nilimtazama mtoto usoni na kumpa jambo ambalo nilijua si kweli. Aliinamisha kichwa akakubali. Akasema basi tufanye hivi, twende Ipogolo, mama ndiye aamue. Mama akikataa, ataacha na hatalirudia. Mama akikubali, nisiruhusu wamweke benchi la nyuma. Nilikubali, kwa sababu nilikuwa na hakika mama yake atakataa.

Tuliondoka Ijumaa. Basi liliposimama Igawa, upande wa Usangu, wanawake walikuja madirishani na ndizi na maziwa ya mgando. Mmoja wao alikuwa wa jamii za wafugaji waliohamia bondeni kutoka kaskazini; mashavu yake yote mawili yalikuwa na safu za chale ndogo ndogo, zilizopangwa kwa usawa wa kushangaza. Mjukuu alinunua ndizi, akamsifia chale. Mwanamke akajigusa shavu, akasema aliyemchanja alikuwa na mkono mwepesi. Basi lilipoondoka mjukuu aliniuliza kama mama yule angejiunga na usharika wetu angeanzia benchi gani. Nilimwambia ale ndizi zake.

Ipogolo kuna joto ukilinganisha na kwetu. Nilivua koti. Tulimkuta binti yangu ametoka zamu ya asubuhi, ameketi barazani na ungo wa mchele, anachambua, huku malori yakishuka barabara kuu kwa kelele. Baada ya salamu na chai nilimweleza jambo lote kwa mpangilio, kama nilivyozoea. Alisikiliza mpaka nilipomaliza. Kisha akaomba kuiona picha.

Aliitazama kwa muda mrefu. Alimwuliza mwanawe kama anajua chale zile ni za nini. Mwanawe akasema ni za utotoni, bibi alisema, na babu pia alisema. Hapo binti yangu aliacha kumtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Baba, utasema wewe au nitasema mimi?"

Sikujua kwamba anajua. Nilimwambia aseme yeye, na hata sasa najilaumu kwa hilo, kwa maana nilimwachia mtoto wangu mzigo ambao ulikuwa wangu.

Alisema huku akiendelea kutoa mawe kwenye mchele. Kabla yake walizaliwa watoto wawili. Wa kwanza alikufa akiwa na wiki tatu, wa pili kabla hajatembea. Mama yake alipobeba mimba ya tatu, bibi mzaa mama, yaani mama mkwe wangu, alishuka kutoka vilima vya Usafwa akamchukua bila kuaga, akampeleka kwa shangazi yake, na huko wakamchanja na kumsugua dawa ili mtoto abaki. Shangazi ndiye aliyeamua iwe mistari mitatu, miwili ya waliokwenda na mmoja wa aliyetakiwa kukaa.

"Huyo wa tatu ni mimi," alisema. "Mimi ni muuguzi, sisemi ile dawa ndiyo iliyoniweka. Wale wawili siku hizi tungewaokoa kwa chanjo na dawa za kawaida. Lakini mama alichanjwa ili niishi, baba. Hakuchanjwa utotoni. Alikuwa mke wako."

Mjukuu aliuliza kwa nini basi bibi alisema vile. Binti yangu akaweka ungo chini.

"Hilo ni la baba," alisema.

Nikasema. Nilikuwa mwalimu kijana katika kijiji chetu, kiongozi wa kwaya na katibu wa baraza la wazee wa kanisa. Watu walianza kunong'ona kwamba mke wa mwalimu amepelekwa kwa mganga. Niliwaambia wazee kwamba sitakubali mke wangu ahukumiwe kwa maneno ya kisimani, nitathibitisha mwenyewe. Jioni ile mke wangu alikuwa anaosha vyombo nje. Nilimshika mkono nikapandisha kitambaa alichokuwa amejifunga mkononi. Zilikuwa hazijapona vizuri. Sikumwambia kitu. Alinitazama, akasubiri nimwulize, na nilipokuwa sisemi akaendelea kusuuza sahani. Katika kikao kilichofuata nilisimama nikaeleza nilichokiona, ni mikono ipi, mistari mingapi. Wazee walinisifu kwa kuuweka ukweli mbele ya ndoa. Aliketi benchi la nyuma miezi mitatu, na tumbo likikua, nami nikiwa mbele naongoza nyimbo. Siku ya kurudishwa, aliyesoma kosa lake mbele ya washarika alikuwa katibu. Katibu nilikuwa mimi.

Lori moja lilipita, kisha jingine. Mjukuu hakulia wala hakupandisha sauti.

"Ulimwuliza kwa nini alichanjwa?"

"Hapana."

"Hata nyumbani? Baadaye?"

"Hata baadaye."

"Si ulimzika naye mtoto wa pili? Ulidhani alichanjwa kwa ajili gani?"

Alinyanyua ungo wa mama yake akaingia nao jikoni. Suala la tatuu, ambalo lilitupeleka kule, hakuna aliyelitaja tena siku ile. Binti yangu aliniwekea maji ya kuoga, akaniandalia kitanda, akanihudumia kwa adabu ile ile ya siku zote, na adabu hiyo ilikuwa ngumu kuivumilia kuliko lawama. Kabla ya kulala nilimwuliza alijua tangu lini. Alisema tangu alipojifungua huyu binti. Mama yake alikuja kumwuguza, akamweleza yote, akamwomba asinisumbue nayo.

Tuliporudi Mbeya nilikwenda kwa mchungaji, ambaye kwa umri ni kama mwanangu. Nilimwomba jambo ambalo nililiona dogo. Niruhusiwe kusimama mbele ya washarika na kusema kwamba aliyeadhibiwa siku zile hakuulizwa sababu, na kwamba mimi niliyetoa ushahidi ndiye niliyepaswa kuuliza. Mchungaji alinisikiliza kwa upole. Alisema marehemu alikwisha kurudishwa kundini, amefariki akiwa msharika kamili, na kanisa halina ibada ya kumwondolea marehemu marudi ambayo yalikwisha. Alinikubalia niseme katika baraza la wazee.

Nilisema. Nadhani nilisema vibaya, kwa sababu niliieleza kama taarifa ya ukaguzi. Mzee mwenzangu, yule wa nyoka, aliuliza kwa upole kama nilitaka baraza liamue nini. Nilimwambia tu kwamba binti mwingine au kijana mwingine akiletwa mbele yetu kwa ajili ya alama mwilini, naomba aulizwe kwanza, na aulizwe faraghani. Liliandikwa. Kisha tukaendelea na suala la mabati ya jengo la shule ya Jumapili ya watoto.

Nilimweleza mjukuu nilichofanya. Alisema sawa, babu. Kwa wiki nyingi aliendelea kunipikia na kunipokea mkoba, lakini mume wangu hakuniita. Siku moja tu, tukiwa tunamenya viazi, aligusia lile jambo bila kuulizwa. Alisema alipokwenda kwa fundi alidhani ni pambo, kama la yule mama wa Igawa, kitu cha bibi ambacho angeweza kukivaa. Sasa hajui. Pengine kuichora kungekuwa kumtetea bibi mbele za watu, na pengine kungekuwa kuchukua kilio cha mtu mwingine na kukifanya urembo. Alisema akisali anapata jibu moja asubuhi na jingine jioni. Nilitamani kumwambia jibu sahihi ni lipi. Bado naamini kwamba mwili haukutolewa ili uandikwe, sijabadili hilo. Lakini nilikuwa nimekwisha kutumia haki yangu ya kuamua juu ya mistari ile, na niliitumia vibaya. Niliendelea kumenya viazi.

Alipangiwa shule moja huko huko Iringa. Nilimsindikiza stendi asubuhi akiwa na tranka, godoro na ndoo. Alikuwa ametimiza miaka kumi na minane juma lililotangulia, na sote wawili tulijua maana yake. Fundi asingehitaji tena mzazi. Mzigo ulipokwisha kupakiwa nilimwambia kwamba akiamua kuchora, aniambie yeye mwenyewe, nisilisikie kanisani.

"Ili unizuie?"

"Ili nikuulize kwa nini."

Alinitazama kama mwalimu anayepima kama mwanafunzi amekariri au ameelewa. Sikujua aliona kipi. Alishusha mkono wa sweta la shule, kwa maana kulikuwa na baridi, akanipa mkono wa kuagana, akapanda. Basi liligeuka kuelekea barabara kuu. Nilibaki nimesimama, nikijaribu kukumbuka jinsi mke wangu alivyonitazama jioni ile kando ya vyombo, na kwa mara ya kwanza nikijiuliza alikuwa tayari kunijibu nini.